Tupeane uzoefu: kubadilisha hita ya maji ya umeme nyumbani

Wadau, habari zenu. Juzi nimebadilisha hita ya bafuni, ile ya tangi la lita 50, na kuna jambo limeniuma. La zamani lilikuwa linavuja kwa chini, maji yanatoka na kutu. Jipya likafungwa vizuri, mabomba yakakazwa, fundi akawasha umeme tujaribu. Kumbe tangi halijajaa. Dakika chache tu, koili, ile inayochemsha maji ndani ya tangi, imekufa. Koili hupozwa na maji yanayoizunguka. Ikiwaka hewani inajiunguza. Fungulieni kwanza maji ya baridi, acheni bomba la moto wazi mpaka maji yatoke mfululizo bila kukatwakatwa na hewa, ndipo mguse swichi. Wenzangu yaliwakuta yapi?

Mama wa Watatu: Pole sana ndugu yangu. Sisi ilikuwa valvu ya usalama. Hita mpya, kila ikichemsha inadondosha matone, tukaona tumeuziwa mbovu. Mume wangu alishatafuta kizibo aizibe! Bahati fundi akawahi. Akatueleza kwamba maji yakipata moto hutanuka: lita 50 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka karibu robo tatu ya lita, na pa kutokea ni hapo. Ukiziba, presha inabaki ndani na tangi linaweza kupasuka. Tukaunga kipira kinachopeleka matone kwenye tundu la maji machafu. Mpaka leo yanadondoka, nami nikiyaona roho inatulia.

Bomba Mkongwe: Mkuu, hilo tangi lako la zamani naamini lilikufa kwa fimbo. Ndani kuna fimbo ya magnesiamu, kazi yake iliwe yenyewe ili chuma cha tangi kisiliwe. Nimefungua matangi nikakuta umebaki uti wa waya tu, mwembamba kama sindano ya kufumia. Ikifika hapo, kutu inahamia kwenye tangi. Iangalieni kila mwaka au miwili. Na mkishusha la zamani, mwageni maji yote kwanza. Lita 50 ni kilo 50, bado chuma chenyewe.

Dada Mkubwa: Mimi nilipigwa shoti na bomba la bafuni nikimwogesha mwanangu. Waya wa ethi, ule wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, ulikuwa umekunjwa ndani ya kifuniko, haujaungwa popote. Nawaomba, zimeni swichi kuu, mpime na tesita, mwangalie waya huo kwa macho yenu.

Mwanzisha mada: Dada, nimesoma yako nikaenda kuzima umeme nikafungua kifuniko. Waya wa kijani na njano upo, umekaza. Fundi, hiyo fimbo naipata wapi?

Bomba Mkongwe: Kwenye hita nyingi za ukutani imefungwa kwenye sahani moja na koili. Ukitoa koili iliyoungua utaiona. Usirudishe mpira wa zamani wa kuzibia, weka mpya.