MJADALA: Bangi ina historia ndefu. Je, hiyo inatosha kuihalalisha?

Mtoa mada, Kisumu
Tangu George Wajackoyah agombee urais wa Kenya 2022 kwa ahadi ya kulima bangi ili tulipe madeni ya nchi, kuna hoja moja ambayo haiishi kwenye matatu za Kondele: mmea huu umetumika tangu zama za kale, ni wazungu tu walioupiga marufuku.

Kutumika, umetumika kweli. Wachina walisokota kamba na kufuma nguo kwa nyuzi zake maelfu ya miaka iliyopita. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, aliwaandika Waskithi, wafugaji wa kuhamahama, waliojibanza hemani, wakatupa mbegu kwenye mawe ya moto na kupiga mayowe ya raha kwa ule mvuke. Makaburini huko milima ya Pamir, Asia ya Kati, vimefukuliwa vyetezo vya mbao vya miaka 2,500 hivi, vikiwa na mabaki ya bangi kali. Hata Ethiopia hapa jirani, viko vya karne ya 14 vimekutwa na masalia yake.

Lakini watetezi huanza na kamba, wakamalizia na moshi. Mimi nyuzi nakubali, kuvuta nakataa. Karibuni, matusi yabaki nyumbani.

Mvuvi wa zamani, Usenge
Kijana, njaga ilikuwepo ufuoni kabla hujazaliwa. Tuliokesha ziwani tunajua nani alivuta na nani hakuvuta, na waliovuta hawakuua mtu. Chang'aa ndiyo imetumalizia vijana.

Mwalimu wa historia, Kakamega
Mzee, shikamoo. Naomba nirekebishe hilo la wazungu. Waingereza walipounda tume kuchunguza bangi India, ripoti yake ya 1894 ilisema matumizi ya kiasi hayana madhara makubwa, na ikapinga marufuku kamili. Kule Geneva mwaka 1925, aliyeshinikiza bangi iingizwe kwenye mkataba wa kasumba alikuwa mjumbe wa Misri. Mwafrika mwenzetu! Halafu ukaja mkataba wa Umoja wa Mataifa wa dawa za kulevya wa 1961, na sisi sheria yetu ya 1994, iliyoweka, hadi ilipolegezwa 2022, kifungo cha hadi miaka 10 hata kwa bangi ya kuvuta mwenyewe. Miaka 10 kwa msokoto, jamani.

Mkulima, Rongai, Nakuru
Mtoa mada, hizo nyuzi unazokubali umewahi kuzitoa? Huku tuna mkonge. Jani likikatwa linapita kwenye mashine likiwa bichi, nyuzi zinaanikwa, basi. Nyuzi za bangi ziko kwenye gome la shina: sharti shina liloweshwe na umande au maji, lioze kiasi, kwa wiki kadhaa, ndipo gome liachie. Likioza kupita kiasi umepoteza zao lote. Mkonge wenyewe nailoni iliutesa soko. Nitajieni kiwanda kitakachonunua kabla hamjaniuzia mbegu.

Mama Busia
Mimi nina mpwa anayeongea peke yake tangu kidato cha tatu. Sijui kama ni bangi au alikuwa na ugonjwa damuni, ila msiniambie haina neno. Na bado sikutaka afungwe.

Mtoa mada, Kisumu
Pole sana, mama. Mkulima, kiwanda sina, hapo umenibana. Ila Malawi wameruhusu tangu 2020, ya viwandani na ya dawa. Tungeweza kuanza na shamba la majaribio.

Boda, Busia mjini
Bosi, swali dogo. Marekani wanasema ya nyuzi ni ile yenye kilevi kisichozidi asilimia 0.3. Jani ni lile lile, harufu ni ile ile. Nikisimamishwa kizuizini nimebeba gunia la hiyo yako ya kamba, afisa ataipima na nini? Atapima mfuko wangu.

Mwalimu wa historia, Kakamega
Hapo boda amesema. Mtoa mada, jibu hilo kwanza, ya Malawi baadaye.