Kuhamisha leseni ya Windows kutoka kompyuta mpakato kwenda kompyuta mpya

Swali

Ndugu zangu, naomba msaada. Kompyuta yangu mpakato ilitoka kiwandani na Windows 10 Home, na baadaye nikanunua kasha la Windows 10 Pro, nikaingiza ufunguo wake wa herufi na tarakimu 25, ukakubali. Sasa bawaba za kioo zimekatika, nami nimeunda kompyuta ya mezani ambayo ningependa itumie leseni hiyohiyo ya Pro. Kinachonitatiza ni kwamba programu ya kusoma funguo niliyoipakua inanionyesha ufunguo usiofanana hata kidogo na ule ulio kwenye kadi ya kasha. Je, nishike upi, na leseni yenyewe inahamishika?

Jibu la 1

Funguo zote mbili ni zako, ila haki zake hazilingani. Huo ulioonyeshwa na programu huenda umesomwa kwenye bodi mama, kwa kuwa tangu Windows 8 watengenezaji huhifadhi humo ufunguo wa kiwandani. Kwa masharti ya Microsoft, leseni ya namna hiyo, iitwayo OEM, hufungwa kwenye mashine iliyokuja nayo, na mashine ikifa nayo imekwisha. Leseni ya kasha, yaani Retail, inaruhusiwa kuhamishwa mradi itumike kwenye kompyuta moja tu kwa wakati mmoja. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika slmgr /dli, kisha uangalie imeandikwa OEM au Retail.

Jibu la 2

Nakubaliana na ndugu hapo juu, lakini neno Retail pekee lisikudanganye. Kompyuta nyingi zilizopata Pro kwa leseni ya kidijitali, yaani isiyohitaji mtu kuingiza ufunguo wake mwenyewe, huwekewa ufunguo wa jumla, uleule kwa zote, nao pia husomeka Retail. Nimewahi kumwona mtu akiunakili ufunguo huo kwa makini kwenye karatasi, akafuta diski, halafu akabaki ameduwaa kompyuta mpya ilipoukataa. Tazama herufi tano za mwisho ambazo amri hiyo huzionyesha: zikiwa 3V66T, huo ni wa jumla na hauhamishi chochote; zikilingana na za kwenye kadi yako, umepona.

Muuliza swali

Nimeandika amri hiyo. Imesema Retail, na herufi tano ni zile za kwenye kadi. Je, nikiufuta ufunguo huku, Microsoft watapata taarifa?

Jibu la 1

Hapana. Amri ya slmgr /upk huuondoa kwenye kompyuta hiyo tu, wala haiandiki lolote kwenye seva zao. Unaitumia ili utimize sharti la kompyuta moja. Kabla ya hapo, ingia kwa akaunti yako ya Microsoft ili leseni iunganishwe nayo. Kwenye kompyuta mpya, kwa kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, sakinisha Windows 11 Pro moja kwa moja, kwani ufunguo wa kasha la Windows 10 Pro hukubalika huko pia. Ruka hatua ya kuingiza ufunguo wakati wa usakinishaji, kisha uuingize baadaye kwenye mipangilio ya uamilishaji (Activation), yaani pale Windows inapothibitisha leseni. Ukikataliwa, ingia kwa akaunti ileile, fungua kitatuzi cha matatizo kilicho hapohapo, na uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni.

Jibu la 2

Niongeze jambo moja kuhusu hiyo mpakato, maana naona kama umeshaikatia tamaa. Ukitengeneza bawaba na kusakinisha Windows upya, kisakinishi kitausoma ufunguo wa kiwandani kwenye bodi mama na kuchagua Home bila kukuuliza, nayo itajiamilisha ikipata intaneti. Ila usiingize tena ule wa kwenye kadi.