Kidato cha kwanza na cha pili vilikujenga au vilikubomoa? Tupeane uzoefu, tuliosoma Nyanda za Juu Kusini

Baba Form One (Mbeya): Wakuu, kijana kaanza sekondari, anakwenda na kurudi. Kaja na ratiba: Jumatano klabu, Ijumaa mdahalo, Jumamosi shamba la shule. Mama yake kawaka, eti mtoto kaenda kusoma, siyo kulima.

Mimi nilisoma Rungwe, mvua haikatiki, sweta halikauki. Darasa la saba nilikuwa najua usanisinuru hadi naota. Kidato cha kwanza mwalimu kaandika neno la Kiingereza refu ubaoni, nikahangaika nalo wiki nzima bila kujua ni usanisinuru ule ule! Ile kozi ya awali ya Kiingereza ilipita kama upepo. Kilichoniokoa ni mdahalo. Walinifanya katibu, naandika kila anachosema msemaji, nisichokielewa nauliza baadaye. Kufika mtihani wa kidato cha pili nilikuwa nasoma swali mara moja tu.

Leteni yenu.

Binti wa Njombe: Juni kwetu unatoka bwenini saa kumi na moja alfajiri, sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi, imelala juu ya majani, na mchakamchaka uko palepale. Sikuupenda, na siupendi mpaka leo. Ila shamba, jamani! Mbolea ya mahindi tulipima kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja shimo moja. Mwalimu wa hesabu akatuuliza mfuko wa kilo 50 utatosha mashimo mangapi. Tukapima vizibo kumi kwenye mizani ya stoo, tukagawanya. Uwiano uliniingia siku ile, mikono inanuka mbolea.

Mdau wa Mufindi: Hongereni. Kwetu shamba lilikuwa la mwalimu. Tunapalilia mahindi yake, yeye anavuna, tunaambiwa ni elimu ya kujitegemea. Nyerere aliandika hayo mwaka 1967 akitaka shule ijilishe, siyo mwalimu ajilishe. Halafu kile kibao cha kuvishwa shingoni ukikutwa unaongea Kiswahili... Nilinyamaza miaka miwili. Watu wakadhani mimi ni mpole.

Mjukuu (Tukuyu): Babu yangu alisoma middle school enzi za mkoloni, darasa la tano mpaka la nane. Anasema nusu ya siku ilikuwa jembe. Hadi leo anapanda viazi kwa kamba, ukipinda mstari anakung'olesha. Kiingereza chake sasa! Barua za ofisini wanamletea yeye.

Baba Form One: Mdau wa Mufindi, nimemsomea mama yake ulichoandika. Kijana kanunuliwa gambuti, ila mama kasema Jumamosi atapita mwenyewe aone shamba lenyewe ni la nani.