Naomba ushauri: mama ana kiharusi, tumhamishie Moshi au Tanga mjini?

Habarini ndugu zangu, na wakubwa shikamooni. Mama yetu ana miaka 78, anaishi Lushoto. Tangu apate kiharusi, upande wa kushoto hauna nguvu. Hata kikombe cha uji hashiki, na kumteremsha hadi Mombo kila siku ya kliniki kunamchosha mno. Tunataka kumpangia nyumba mjini, atunzwe hapo hapo. Moshi kuna hospitali ya KCMC, lakini ndugu wengi wako Tanga, karibu na hospitali ya Bombo. Dada wa kazi tumejaribu, hawakai. Kumgeuza na kumwogesha mtu mzima ni kazi nzito.

Wenyeji, mji upi ni rahisi kupata muuguzi au mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja nyumbani? Na hulipwa kwa siku au kwa mwezi?