Mrejesho: Kuwalea vijana wawe viongozi wa kanisa

Wapendwa, niliuliza tuwaandaeje vijana wa kanisa letu hapa Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, maana mchungaji mmoja anahudumia makanisa mengi na wahubiri walei wamezeeka. Asanteni sana kwa majibu.

Tulifuata ushauri wa kila mzee kumchukua kijana mmoja na kwenda naye: msibani, kwa wagonjwa, hata kupatanisha wanandoa. Binti aliyeogopa kusoma somo la ibada sasa anaongoza maombi kwa wafiwa. Wakitoka huko, mzee wake humkalisha wakazungumza walichokiona, na mazungumzo hayo yanamjenga kuliko semina zote tulizowahi kuandaa. Mmoja wenu alimtaja Apolo Kivebulaya, mwinjilisti Mganda aliyefika Boga, ng'ambo ya mto Semliki, Kongo ya leo, mwaka 1896. Naye aliishi na vijana, akawafundisha na kuwatuma.

Wazee wengine bado hawataki kuachia mimbari. Sisi hatuwalazimishi, ila hesabu za sadaka sasa zinasomwa vijana wakiwepo, na hilo nalishikilia kwa nguvu zote. Kijana mmoja ameomba kwenda kusomea theolojia katika chuo cha Mukono, ambako makasisi wanafundishwa tangu 1913. Tumeanza kuchanga ada yake.