Wauza vigari vya mlo wa watoto, acheni kutupiga changa la macho na "mwaka" wa chini ya gari

Wakuu, nimekasirika na sitazunguka. Nimepigwa, na nikipitia matangazo ya wauzaji naona tunapigwa wengi kwa mbinu ileile: mwaka uliochapwa tumboni mwa kigari.

Nakusanya vigari vinavyotolewa na mlo wa watoto, hasa vya chapa ya Hot Wheels vilivyotoka na Happy Meal, mlo wa watoto wa McDonald's. Muuzaji mmoja kaweka picha ya kigari chekundu, kaandika "toleo la mwanzo, adimu, mfuko haujafunguliwa". Ushahidi wake? Picha ya tumbo la gari, mwaka kauzungushia duara. Nikalipa.

Kimefika, nimekiweka mezani pembeni ya changu nilichopata nikiwa mtoto, ambacho mfuko wake bado ninao. Ni kilekile! Rangi ileile, magurudumu yaleyale, mwaka uleule tumboni. Ila mfuko wangu umeandikwa mwaka mwingine, miaka minne mbele. Wa kwake hauna maandishi hata moja, hata lile onyo la usalama kwa watoto wadogo halipo. Ni nailoni tupu. Nikausogeza kwenye taa: ukingo wa wangu umebanwa kiwandani, mistari midogo iliyonyooka upana mmoja mwanzo hadi mwisho. Wa kwake umepinda kama njia ya ng'ombe, na kwenye kona moja nailoni imeungua ikawa ya kahawia. Mtu kakaa na moto akaufunga mwenyewe, halafu anakuuzia "haujafunguliwa".

Sasa huo mwaka. Ni mwaka wa hakimiliki ya muundo. Kalibu ya kigari ikishachongwa inatumika miaka na miaka, rangi zinabadilika, michoro inabadilika, mwaka wa tumboni unabaki palepale. Hot Wheels za dukani nazo ziko hivyohivyo, ndiyo maana kuanzia 2008 Mattel, watengenezaji wa Hot Wheels, wanachapa pia msimbo mdogo wa herufi na namba: herufi ni mwaka wa kutengenezwa, namba ni wiki. Anayeuza vigari kila siku hajui hili? Anajua. Wiki iliyopita nimeona tangazo la "Happy Meal ya 1974", eti kwa sababu tumbo limeandikwa hivyo. Happy Meal yenyewe imeanza Marekani 1979! Hicho huenda ni kigari cha dukani kilichookotwa kwenye kapu la mitumba, kikabatizwa jina ili bei ipande.

Na nyinyi mnaowaambia wageni "pima kwa sumaku, ikishika ujue ni chuma, ni cha zamani", nawaomba muache. Bodi za vigari vya chuma ni aloi ya zinki, sumaku haizishiki. Kinachoshikwa ni ekseli, kile kijiti kinachoshika magurudumu, na ekseli ya chuma ipo hata kwenye kigari cha plastiki mwili mzima. Nimejaribu na hivi viwili vyangu: sumaku imeng'ang'ania chini ya vyote, na vyote ni plastiki juu. Mtu anafuata ushauri huo anatupa kizuri, anabeba takataka. Kiweke kwenye mizani ya jikoni, linganisha gramu na kingine unachokijua. Angalia na michoro ya ubavuni kama inafanana na ya hicho unachokijua: iliyochapwa ukipitisha kucha hutahisi kitu, stika ina ukingo.

Kinachoniuma zaidi ni vijana wanaoanza. Mtu anajichanga, ananunua kigari chake cha kwanza cha "adimu", anakileta hapa kwa furaha kulinganisha na vya wenzake, ndipo anaambiwa kauziwa mbuzi kwenye gunia. Wengi hawarudi tena.

Wauzaji, piga picha ya mfuko upande wenye maandishi, piga kingo zote mbili za mfuko kwa karibu, andika uzito. Kama mfuko haupo, sema haupo. Kigari bila mfuko tunanunua vizuri tu, hakuna aliyekataa.

Nimemwandikia yule muuzaji anirudishie hela yangu, nikamtumia na picha za mifuko yote miwili. Kajibu: "Mwaka umeandikwa kwenye gari, mimi sijaandika." Baada ya hapo kimya. Asubuhi hii tangazo limerudi hewani, kigari kingine cha bluu, duara lilelile jekundu kwenye mwaka.