Nataka kuwaambia wenzangu habari za Yesu lakini sio kwa kelele, nianzie wapi?

Wa Boda Malindi
Wapendwa habari zenu. Mie ni mtu wa boda hapa Malindi, nimeokoka huu mwaka wa tatu. Juzi usiku nilipeleka mteja Watamu nikakuta watu wamechutama kimya ufuoni na tochi nyekundu, kumbe watoto wa kasa wanatoka mchangani. Nikaambiwa kiota kimoja chaweza kuwa na mayai zaidi ya 100, yanakaa chini huko kama siku 60 bila mama, mama alishataga akarudi zake baharini, halafu vinatoka vyenyewe na vinajua maji yako wapi! Jamani nililia. Nikakumbuka Zaburi ya 8, mtu ni nini hata Mungu amkumbuke, na mimi alinikumbuka nikiwa mangweni nimelewa mnazi. Tangu siku hiyo natamani kumwambia kila mtu. Sasa stejini wenzangu wengi ni Waislamu na tunakula sahani moja. Kanisani nilifundishwa nyumba kwa nyumba na vikaratasi, jioni tunahesabu tumepata wangapi, na moyo wangu ulikataa, nilijiona kama nauza kitu. Nifanyeje?

Mama Kwaya
Mwanangu soma Yohana 4, yule mwanamke Msamaria kisimani. Aliacha mtungi pale pale akakimbia mjini, na hakuwa amesomea chochote, alisema tu njooni mumuone mtu aliyeniambia mambo yangu yote. Halafu angalia alivyomalizia, aliuliza, je yawezekana huyu ndiye Kristo? Yaani alikuwa bado anashangaa mwenyewe. Mie miaka mingi nilidhani lazima niwe na majibu yote kwanza, nikanyamaza bure. Sema ulichokiona, na pale usipojua uliza nao.

Jirani wa Shela
Assalaam aleikum, mie Muislamu ila nimeguswa. Spika ikielekezwa dirishani kwangu saa tano usiku siwezi kusikia neno hata liwe zuri vipi, lakini ukinihadithia hao kasa nitakaa na wewe mpaka kahawa iishe kwenye dele, na mie nitasema Subhanallah kwa moyo wote. Usinifiche imani yako ndugu yangu, na yangu sikufichi. Ila usinihesabu.

Langobaya
Niongeze kitu. Sisi huku hatuko mbali na Shakahola. Mwaka 2023 ilipofukuliwa miili zaidi ya 400, watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wamuone Yesu, toka hapo ukisema unahubiri kuna mama atafunga mlango na ana haki, amezika au bado anatafuta wake. Wale walifundishwa kuichukia dunia. Wewe Mungu amekuonyesha uzuri wa hii hii dunia aliyoiumba, basi anza na huo, na ukienda kwa aliyefiwa nenda na unga, ukae naye. Akikuuliza mbona umekuja, hapo ndo umwambie.

Wa Boda Malindi
Mbarikiwe sana, na wewe jirani wa Shela shukran, hilo la kuhesabu limeniingia. Leo stejini nimemhadithia mmoja wetu habari za kasa, sauti ikanikatika, akaniuliza kwani una nini, nikamwambia yote mpaka ya mangweni. Hakusema kitu. Baadaye akaja akaniuliza kile kiota kiko upande gani, tukisikia kingine kimekaribia nampakia twende wote.